Haki Moja ya Hon-choi

Shek Tin, Yuen Long, Hong Kong
10 Machi 1996

Mdogo wangu Hon-choi,

Salamu zangu zikufikie huko Grimsby, wewe na wifi yangu Siu-ling na binti yenu Wai-yee. Mimi nipo. Goti linaniuma kila mvua inapotaka kunyesha, kwa hiyo majirani wamenifanya idara ya hali ya hewa, wanapita asubuhi kuniuliza kama waanike majani yao ya haradali au wangoje. Makaburi ya baba na mama nitayafagia mwezi ujao kama kawaida, na kama kawaida nitawaambia kwamba una kazi nyingi.

Nakuandikia kwa sababu sitaki kutumia simu ya dukani kwa mwenyekiti wa kijiji. Ukiongea pale, kijiji kizima kinakusaidia kuongea.

Habari kubwa huku ni ujenzi. Mwakani mwezi wa saba Mwingereza anaondoka na kuturudisha kwa China, na wewe ungedhani watu wamekaa kimya wanasubiri. Hakuna aliyekaa. Magazeti yanasema uchumi unakua, nyumba zinapanda bei, hisa zinapanda, hata muuza samaki wangu sokoni ananishauri hisa za kununua kabla hajanitajia bei ya samaki. Bwawa la bata la akina Kau limefukiwa na sasa limejaa makontena, yamepangwa juu kwa juu mpaka jua linachelewa kutufikia. Na kila mwanaume wa ukoo anajenga, maana hakuna mwenye uhakika kama wakubwa wapya wataiacha ile haki yenu. Unaijua: mwanaume wa kijiji akitimiza miaka kumi na minane, mara moja tu maishani, anaruhusiwa kusimamisha nyumba ya ghorofa tatu hapa nyumbani. Wewe una miaka hamsini na minne na yako bado umeikalia.

Paa la baba linavuja mahali saba. Nimeweka sufuria sita na beseni moja, na usiku wa mvua nalala ubavu kwa sababu chali nadondokewa puani. Ombi langu ni hili. Omba nyumba yako kwenye kile kibustani cha vitunguu majani nyuma ya nyumba. Akiba yangu ya kuuza mboga inatosha kuanzia, na mafundi nitawasimamia mwenyewe. Mwanamke hapewi haki hiyo, la sivyo nisingekusumbua. Mimi nina miaka sitini na mmoja, nataka kulala pakavu. Wewe weka sahihi tu.

Dada yako,
Fung-kiu


Grimsby
19 Mei 1996

Dada Mkubwa,

Nimepokea barua yako kwa furaha nisiyoweza kuieleza. Samahani kwa kuchelewa. Sisi wazima. Wai-yee anasomea uhasibu, na akija likizo anakagua duka letu la chakula kama askari wa forodha. Siu-ling anakusalimu sana. Huku kuna balaa la ng'ombe kichaa, wateja wanaogopa nyama ya ng'ombe. Nimeifuta kwenye orodha ya vyakula, lakini yupo mzee mmoja, nahodha mstaafu, anakuja kila Ijumaa kuidai kwa siri kama anaulizia magendo.

Upepo wa bahari hapa haujali kwamba ni mwezi wa Mei. Nimekuwekea sweta ya sufu kwenye kifurushi hiki. Ni ya kijani, rangi uliyoipenda tulipokuwa wadogo.

Kuhusu lile jambo la nyumba, nimelisoma kwa makini. Ni jambo kubwa, na jambo kubwa halitaki haraka. Tutaliangalia.

Nifagilie makaburi.

Mdogo wako mtiifu,
Hon-choi


Shek Tin
20 Juni 1996

Hon-choi,

Sweta imefika. Leo ni nyuzi thelathini na tatu na natoka jasho kwa kuitazama tu. Asante. Makaburi nilishayafagia mwezi wa nne, na baba aliulizia kazi zako zinaisha lini.

Wakati wewe unaliangalia, mimi nimeanza. Fomu nimeijaza. Mwenyekiti ameandika kwamba wewe ni mtoto halali wa ukoo wa Lai, akagonga muhuri, ingawa alinitazama kwa muda mrefu na kuniuliza mara mbili kama una habari. Nikamwambia unazo. Tangazo limebandikwa kwenye ubao karibu na ukumbi wa mababu ili mwenye pingamizi aseme.

Pingamizi limekuja moja, la Mzee Fuk jirani. Anasema mgongo wa joka lililobeba bahati ya kijiji chetu unapita chini ya vitunguu vyangu, na tangu nilipopima uwanja kwa kamba kuku wake wameacha kutaga. Nikamwita mtaalamu wa upepo na maji kutoka mjini apime bahati ya kiwanja. Alizunguka na dira yake asubuhi nzima, akala chakula changu cha mchana, kisha akatangaza kwamba joka halina neno na nyumba ila lina neno na choo. Tumekihamisha choo kwenye ramani mpaka pembe ya mashariki. Kuku wanataga.

Fomu hii hapa ndani. Weka sahihi penye alama ya penseli. Ofisi ya ardhi haitapokea bila wewe.

Fung-kiu


Grimsby
30 Agosti 1996

Dada Mkubwa mpendwa,

Natumaini goti limetulia. Langu nalo limeanza, nadhani ni la urithi. Siu-ling alikuwa na mafua, amepona. Jiko la kukaangia chipsi liliharibika Jumamosi jioni foleni ikiwa imefika barabarani, nikafikiri Waingereza wataandamana kwa mara ya kwanza maishani mwao.

Fomu nimeipata. Nimeitandaza mezani na nimeishika kalamu, siongopi. Lakini nimetazama almanaka. Mimi nimezaliwa mwaka wa Farasi na huu ni mwaka wa Panya, na unajua mwenyewe jinsi wanavyogombana hao wawili. Mtu wa Farasi akianza kujenga katika mwaka wa Panya, nyumba humtoa roho au humtoa meno. Ningojee mwaka wa Ng'ombe, Februari. Wewe ndiye uliyenifundisha kuheshimu almanaka.

Hon-choi


Shek Tin
9 Oktoba 1996

Lai Hon-choi,

Wote wazima huku. Kuku wa Fuk wazima. Bata hakuna tena. Nimemaliza salamu.

Niliona almanaka yako inachelewesha mambo, nikaenda ofisi ya ardhi kuuliza kama karani anaweza kuipokea nakala ya fomu sasa na sahihi ije baadaye. Karani ni msichana aitwaye Yip, ana miwani na ana subira. Akachukua jina lako, akaenda nyuma, akarudi na jalada. Akasema, "Mama, huyu alishajenga."

Nikamwambia atakuwa Hon-choi mwingine. Akanigeuzia jalada nisome mwenyewe. Jina lako, jina la baba, tarehe yako ya kuzaliwa, na picha yako ukiwa bado na nywele. Nyumba namba kumi na moja, Shek Tin ya Juu, mwaka 1986.

Nilikwenda kwa miguu, na mwavuli nikauchukua ingawa mvua haikuwepo. Ni nyumba nzuri sana, Hon-choi. Ghorofa tatu, vigae vya rangi ya waridi, geti la chuma, roshani mbili. Ndani kuna kinanda, nilikisikia. Akatoka mwanamke wa miaka kama thelathini, amenyoosha nywele saluni, amebeba mtoto mchanga. Nikamuuliza hii nyumba ni ya nani. Akasema, "Ya mume wangu. Yuko ng'ambo, kikazi."

Mtoto ana masikio yako.

Miaka kumi mimi nahamisha sufuria, na wewe una mwanamke na kinanda mwendo wa dakika ishirini kutoka kitandani kwangu. Sina la kuongeza. Sweta nimempa Mzee Fuk, anawafunikia kuku.

Fung-kiu


Grimsby
2 Novemba 1996

Dada,

Umeniua. Barua yako aliifungua Siu-ling. Alisoma akiwa amesimama karibu na mafuta ya moto, na namshukuru kila babu tuliyenaye kwamba alisoma mpaka mwisho kabla ya kugeuka. Sasa nalala stoo, kati ya magunia ya mchele na maboksi ya karatasi za kufungia. Wateja wananiuliza kwa nini natembea nimepinda hivi. Wai-yee amekuja kutoka chuoni makusudi, wamekaa na mama yake jikoni wakanihoji kwa lugha mbili.

Sina mwanamke. Sina kinanda. Sina nyumba. Huo ndio ukweli niliouficha, kwamba sina nyumba.

Mwaka 1985 alikuja mtu hapa, amevaa suti, kutoka kampuni moja ya huko nyumbani. Alikuwa anazunguka Uingereza yote kutafuta wanaume wa vijijini wenye haki isiyotumika. Alikula bakuli mbili za tambi, akazisifu, kisha akatoa karatasi. Kampuni ina ardhi, sisi tuna haki. Mimi nitaonekana ndiye ninayejenga, na nyumba ikikamilika wataiuza kwa wageni kutoka mjini. Niliapa mbele ya wakili kwamba najenga nikae mwenyewe. Ni uongo, na ni kosa la sheria, na tulikuwa kumi na wawili kwenye mstari ule wa nyumba, wote tunakaanga chipsi. Mwenyekiti anajua, alitugongea muhuri.

Fedha ile ndiyo iliyonunua duka hili. Nilikuwa naosha sahani kwa mtu miaka kumi na mitatu, Dada. Nilidhani nyumbani hakuna atakayeulizia, kwamba utaolewa, kwamba paa litashika. Nilidhani vitu vingi kwa sababu vilinifaa kuvidhani.

Nakuomba sana mwandikie Siu-ling mara moja. Nikimweleza mimi anasema ndivyo wanavyosema wote. Hatanisadiki mpaka iwe kwa mkono wako.

Mdogo wako stoo,
Hon-choi


Shek Tin
26 Januari 1997

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kwenye mchele. Samahani kwa kuchelewa. Nimepokea barua yako kwa furaha nisiyoweza kuieleza.

Hali ya hewa ni nzuri, baridi kidogo. Vitunguu vimestawi. Uchumi unaendelea kukua, namwamini muuza samaki, kanunua gari. Watu wa mjini wanakuja Jumapili na vitabu vya picha za nyumba, wanataka kununua hata banda la nguruwe bora liwe na anwani. Mzee Fuk yeye kapata wasiwasi mpya. Kasikia kwamba mkataba wa zamani wa ardhi zetu ulipangwa kuisha tarehe ishirini na saba Juni, na Mwingereza anaondoka usiku wa tarehe thelathini. Sasa anauliza hizo siku tatu katikati ardhi ni ya nani. Yip karani amemweleza kwamba kuna sheria, mikataba yote ilishaongezwa miaka hamsini. Fuk kamsikiliza kwa adabu, kisha akanunua kiti. Anasema siku hizo tatu atakaa katikati ya kiwanja chake, mwenye kukitaka amkute.

Niliporudi Shek Tin ya Juu mwezi uliopita nilimkuta mume wa yule mwanamke amesharudi. Ni fundi wa ndege, mrefu, Mshanghai, mstaarabu sana. Masikio ya mtoto ni yake. Walinipa chai, na yule mama akanipigia kinanda.

Kuhusu kumwandikia wifi, ni jambo kubwa, na jambo kubwa halitaki haraka. Nitaliangalia. Kumbukumbu yangu siku hizi si nzuri na huzidi kuharibika nikilowana.

Nimecheka nilipoandika hayo, sasa sicheki. Hon-choi, nimeumia. Si kwa fedha. Ungeniambia mwaka ule ningekupa baraka, ningekuchemshia hata mayai ya kumsindikiza yule mwenye suti. Lakini uliniacha miaka kumi nijisifu sokoni kwamba mdogo wangu atarudi kutujengea. Watu walikuwa wanatazamana, nikidhani wananionea wivu. Nilimlea mama mpaka siku yake ya mwisho, nikakataa posa mbili kwa ajili hiyo, na hata paa linalonivujia limeandikwa jina lako, kwa sababu baba alipokufa hakuna aliyeuliza kama kuna mtoto mwingine. Wewe ulizaliwa na kitu cha kuuza. Mimi sikuzaliwa nacho.

Dada yako,
Fung-kiu


Grimsby
3 Machi 1997

Dada,

Sijui nianze na salamu gani. Tu wazima. Mgongo wangu umeshazoea.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaiweka mfukoni, nikakaanga chipsi jioni nzima. Wai-yee aliniomba aisome. Anajua kusoma lugha yetu kidogo, alichukua saa nzima na kamusi. Akaniuliza, "Baba, shangazi ana nini kilichoandikwa jina lake?" Nikafikiri sana. Nikamwambia baiskeli. Akauliza kama nikifa yeye naye atapata baiskeli.

Nilikuwa na jibu la desturi mdomoni, kwamba binti huolewa na ardhi hubaki kwa wanaume. Hata umaskini ulipotupeleka sisi wanaume wa Shek Tin mpaka kwenye mabomba ya jikoni za watu, bado tulikuwa tunajiona mabwana kwa sababu ya kile kipande cha haki huko nyumbani. Halafu nikakiuza kwa mtu aliyesifu tambi.

Kwa hiyo nimekwenda kwa wakili. Bahasha nene iliyo humu ni hati ya kukupa nyumba ya baba pamoja na kibustani, bure, moja kwa moja. Si kukaa, ni kumiliki. Wakili ananiambia ameulizia huko kwenu: kiwanja cha nyumba ya zamani, mwenye hati anaweza kukiombea kibali cha kujenga upya, awe mwanaume awe mwanamke, haihitaji haki yetu ile. Nilikuwa na uwezo wa kuulizia na kukwambia hivyo tangu barua yako ya kwanza. Nilinyamaza kwa sababu ungeuliza kwa nini sitaki kutumia haki yangu. Naona aibu, Dada, naiandika hapa ili isibaki moyoni tu.

Isajili kabla Juni haijaisha. Mwenyekiti atapiga kelele. Mwache.

Kama unaweza, mkumbuke Siu-ling.

Hon-choi


Shek Tin
6 Julai 1997

Mdogo wangu Hon-choi,

Salamu kwenu nyote, na shukrani kwa picha. Siu-ling kanenepa vizuri. Barua yangu kwake niliiandika siku ileile hati yako ilipofika, kurasa nne, mpaka rangi ya soksi za yule Mshanghai niliitaja, kwa hiyo najua umesharudi kitandani na sitaulizia zaidi.

Mvua ya kuagana ilinyesha kama vile mbingu nazo zinahama. Mwingereza kaondoka amelowa, China kaingia amelowa. Fuk alikaa kwenye kiti chake siku zote tatu na mwavuli wa sokoni, nikawa nampelekea uji. Hakuna aliyekuja kukidai kiwanja ila mbwa. Tarehe moja asubuhi alisimama, akatazama huku na huku, akasema hakuna kilichobadilika, na tangu hapo ana mafua. Gazeti linasema uchumi haujawahi kuwa mzuri hivi. Muuza samaki ana magari mawili.

Hati niliipeleka Juni, Ijumaa moja. Foleni ilitoka nje ya ofisi ikazunguka jengo, kila mtu anataka karatasi yake igongwe kabla bendera haijashuka. Mwenyekiti alikuja kusimama nami kwenye foleni, si kwa wema. Alisema ardhi ya ukoo ikiingia mkononi mwa mwanamke inatoka nje ya ukoo. Nilimwambia ardhi ya ukoo ilishatoka nje mara kumi na mbili, muhuri wake ukiwa juu, na sasa kuna kinanda humo. Watu wa mbele na wa nyuma walisikia. Alikumbuka ana shughuli.

Nilifika kwa Yip baada ya kusimama kwa muda wa saa tano. Alisoma hati yote. Kuna sehemu ya fomu wanaijaza wao, akaniuliza bila kuinua macho, amechoka maskini, "Mama unasaini kwa niaba ya nani?"

Hon-choi, nimesaini mbele ya makarani tangu nina miaka ishirini. Kodi ya ardhi kwa niaba ya baba, hospitali kwa niaba ya mama, umeme kwa niaba yako. Mkono ulikwenda wenyewe kuandika jina lako. Nikausimamisha. Nikamwambia, "Kwa niaba yangu." Aliinua macho, akatabasamu, na mimi nikalia pale dirishani mpaka mtu wa nyuma yangu akanipa leso na kuniomba nisogee.

Mafundi wanaanza mwezi wa tisa. Ghorofa mbili zinanitosha. Joka limeulizwa, halina neno.

Njooni mwakani mfagie makaburi wenyewe, wewe na wifi na Wai-yee. Chumba kipo. Ila ukifika mlangoni, usisukume kama zamani. Piga hodi.

Dada yako,
Lai Fung-kiu